Nani Anakisimamia Kitabu Hiki?

Mwezi uliopita tulimzika baba mdogo Wilondja, na kijana aliyeshika maikrofoni akatangaza mbele ya waombolezaji wote kwamba marehemu alikuwa rafiki wa vitabu tangu siku ya kwanza alipokanyaga kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale. Niliguna. Niliguna kwa sauti, mpaka jirani aliyekaa nami kwenye mkeka akanifinya mkono: "Mama Ombeni, heshimu maiti." Maiti ninamheshimu. Ni mimi niliyefua shuka zake muda wote alipokuwa hawezi kuinuka, na ni mimi niliyemlisha uji kwa kijiko. Lakini heshima ni kitu kimoja na uongo ni kitu kingine. Baba mdogo hakuwa rafiki wa vitabu siku ya kwanza, wala mwaka wa kwanza. Alikuja kuvipenda kwa kunyimwa, na aliyemnyima ni mimi. Jambo hilo sijawahi kulionea haya, na leo ninaliandika kwa mkono wangu ili kesho kijana mwingine mwenye maikrofoni asije akanipamba na mimi.

Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikatolewa. Wapo watakaosema mtu wa darasa la tatu hana mdomo wa kusema kitabu gani kizuri na kipi cha kufungia karanga. Waseme. Siku hizi mjukuu wangu ananionyesha nyota kwenye simu: kitabu hiki kina nyota tano, Nyanya, ni kizuri sana. Ninamwuliza, nyota hizo amezitia nani? Hajui. Mtu huyo alikisoma mpaka mwisho? Hajui. Kilimfanya nini? Ananiangalia kama ninayeuliza bei ya mvua. Basi mimi nilikuwapo pahali ambapo kitabu hakikuingia mlangoni mpaka mtu mzima asimame, aseme kimemfanya nini, na akidanganya aaibike. Kwa hiyo juu ya vitabu nitasema, na mwenye digrii akae asikilize.

Tulivyofika Nakivale sitaandika. Kila mtu hapa ana safari yake, na zote zinafanana kwa ubaya. Nitaandika chumba. Kilikuwa chumba cha Mwalimu Zakaria, cha matofali ya udongo, paa la shitingi, turubai la msaada lililopiga kelele kila upepo ulipotoka ziwani. Meza yake ilikuwa mlango, mlango kabisa, bado una tundu la kitasa, umelazwa juu ya magogo. Upande wa pili wa ukuta mke wake alikuwa anapika, na ukuta ule haukufika juu, kwa hiyo moshi wa kuni na harufu ya maharagwe viliingia ndani ya vitabu. Mpaka leo nikinusa kitabu kipya ninaona kama hakijaiva. Vitabu vya Mwalimu vilikuwa vya Kifaransa, vya masomo yote, kila kimoja kimevishwa plastiki. Watu wengine walikimbia na magodoro vichwani. Yeye alikimbia na gunia la vitabu mgongoni. Kwa jambo hilo tulimheshimu kuliko mchungaji.

Pole pole watu wengine wakaleta vitabu vyao, na hapo ndipo Mwalimu alipoweka kanuni. Kitabu kisiingie bila marene. Marene ni yule mama anayesimama na bibi arusi kanisani. Nyumba yao ikiungua, ni yeye anayeulizwa. Mwanamume tulimwita paren. Jumapili baada ya ibada unasimama karibu na ule mlango uliokuwa meza, umekishika kitabu kifuani, na watu hawakuulizi kinasema nini. Wanauliza: kimekufanya nini? Hilo tu. Mama Sifa alisimamia kitabu cha ushonaji akasema kimemfanya akate gauni bila kuharibu kitambaa cha mtu, kikaingia. Mama mwingine alisimamia riwaya, sisi tulikuwa tukisema romani, akasema imemfanya amwonee huruma mama mkwe wake. "Mpaka leo?" wakamwuliza. "Mpaka jana." Tukacheka, ikaingia. Papa mmoja akaleta kitabu kinene cha sheria, akasema kimempa heshima. Mwalimu akamwuliza, "Heshima ya kukisoma, papa, ao ya kukibeba?" Papa akarudi nacho nyumbani. Na ukisimamia kitabu, wenzako wakakisoma wakaona uliwadanganya, unakalishwa kwenye benchi la mlangoni, huazimwi kitu mpaka wakuhurumie.

Lakini katika vitabu vya masomo kanuni ile haikufanya kazi, kwa sababu vile vya Mwalimu viliingia vyenyewe. Hakuna aliyethubutu kuviuliza. Nielezeni mtu wa leo atalielewaje jambo hili: mwaka ule kila mtu alijua kwamba tutarudi kwetu kabla ya mavuno yanayofuata. Watu walikataa kupanda mihogo kwa sababu muhogo unakawia ardhini, na kuupanda ilikuwa kama kusema tutakuwapo. Walipanda maharagwe tu. Vivyo hivyo na watoto. Asubuhi walikwenda shule ya hapa wakasomeshwa kwa Kiingereza. Mchana wazazi wakawapeleka kwa Mwalimu wakasomeshwa kwa Kifaransa, na wazazi wakawaambia kichwa cha kweli ni cha mchana. Mdogo wangu Riziki alikuwa darasa la mwisho la primari. Alikuwa na akili kali, anasoma Kiswahili kama anayemwaga maji, lakini sayansi ya Kiingereza alikuwa anaanguka kila mara, maana jioni alishika kitabu kinachoita vitu vyote kwa majina mengine.

Baba mdogo ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Siku moja nilikuwa ninasonga ugali, nikamsikia nje anaongea na Mwalimu, wamekaa juu ya madumu ya maji. "Ule mutoto hataandika mtihani wa hawa batu," alisema. "Certificat ya huku ataipeleka fasi gani? Kule kwetu batamucheka." Mwalimu akajibu kwa sauti yake ya upole, "Ni kweli, papa. Muache kwanza. Akifika kwetu ataanza vizuri." Mwiko wangu ukasimama ndani ya sufuria. Mimi niliachishwa shule kwa maneno ya namna hiyo hiyo, ya upole, yaliyosemwa nje ninapopika. Muache kwanza. Ile "kwanza" bado sijafika mwisho wake.

Msimu wa mavuno nilikwenda Rugaaga kuvuna maharagwe ya Wanyankore, wenyeji wa huku, Ombeni mgongoni, na sehemu ya ujira nikapewa kwa maharagwe. Mengine niliyapeleka mjini Mbarara. Nyuma ya soko palikuwa na Hajati mmoja aliyeuza vitambaa, taa na mafuta ya nywele, na chini ya meza yake maboksi ya vitabu vilivyokwisha kutumika. Vingi aliuziwa na wake za wanajeshi wa kambi ya Makenke. Mume akihamishwa, vitabu vya watoto ndivyo vya kwanza kuachwa. Aliniketisha kwenye mkeka, akanipa chai ya tangawizi na kabalagala ya moto, kile kitumbua cha ndizi, ndipo akauliza, akiniita nyabo, yaani mama. "Nyabo, unataka kitabu ya nani?" Nikasema ya mdogo wangu, ya sayansi, ya darasa la mwisho, ya hapa. Akatoa vitatu. Hakuvifungua. Aliviinamisha akaviangalia ubavuni, pale kurasa zinapokutana.

"Ona hii," akaniambia. "Mbele chafu, nyuma safi kama sahani ya Idi. Mutoto alianza, alichoka, alienda kucheza mpira. Hii siuzi kwako, utakuja kunitukana hapa mbele ya wateja." Akaweka cha pili kando. Cha tatu akakigeuza polepole. "Hii ingine, uchafu inaenda mpaka mwisho. Hapa mafuta ya kula. Hapa wino. Huyu alikula nayo, alilia nayo. Hii ilipitisha mutu."

"Hajati, unajua Kiingereza?"

"Hata kidogo. Lakini vidole ya watoto najua. Nimezaa."

Nikamwaga maharagwe yangu kwenye beseni lake, akayapima kwa macho. Nilipoinuka akachomoa kitabu kingine kisicho na ganda, cha Kiswahili, kimelegea kama mbwa mzee. "Na hii chukua." Nikauliza, ni cha shule? Akaniangalia kwa huruma. "Nyabo, kwani wewe unakula posho peke yake, mchuzi hapana?"

Nimesikia watu wenye masomo wakibishana kwenye redio kama ni heri mtu asome vitabu vya masomo au riwaya. Hakuna aliyesema neno lenye akili kuliko lile la Hajati. Posho, yaani ugali, inakusimamisha, mchuzi unakufanya utake kusimama. Anayekupendekezea kimoja na kukitukana kingine, mwangalie vizuri, labda yeye mwenyewe ana njaa.

Riziki alikipokea kitabu cha sayansi akakaa nacho kitandani hata sikupata pa kulaza mtoto. Hakunisomea neno, alikuwa anaguna tu, "aa, kumbe," "aa, kumbe," kama mtu anayesimuliwa umbea. Ile riwaya tukaisomea uani, siyo chumbani kwa Mwalimu, kwa sababu bado haikuwa na marene. Tulikuwa tunachambua maharagwe ya mgao, yale yaliyokuja na mawe, kila mama na ungo wake, na Riziki anasoma kwa sauti. Jina la kitabu hatukulijua wala la aliyekiandika. Hadithi ni ya mwanamke aliyetoka kujifungua hospitalini, akakuta wakwe wamebadilisha kufuli. Hakulia, hakwenda kwao. Alitandika mkeka kwenye kizingiti akaanza kupika hapo hapo. Mvua ilinyesha, wakwe walimruka asubuhi wakienda kazini wakamruka jioni wakirudi, na yeye anawasalimia. "Shikamoo, baba. Mmeshindaje, shemeji?" Mama Sifa alikuwa akipiga paja: "Huyu mwanamuke ana kichwa ngumu kama Mama Ombeni!" Nyungo zikawa zinasimama. Siku Riziki alipofika mahali ambapo mwanamke yule anasikia funguo zinageuzwa kwa ndani, usiulize, hakuna mkono uliobaki kwenye maharagwe. Kisha jua likawa limekwenda, wanaume wanataka kula, tukamwaga kila kitu sufuriani, mawe na yote.

Baba mdogo alitafuna mara moja. Kru! Akashika shavu. Akatema kwenye kiganja maharagwe, damu, jiwe na nusu ya jino. "Munaniua na hadithi!" akapiga kelele mpaka majirani wakaja. Na majirani badala ya kumpa pole walitaka kujua ni ukurasa gani. Tangu siku hiyo ninapima riwaya kwa mawe. Ukiniambia riwaya fulani ina lugha nzuri, ina mafunzo mema, nitakuuliza: ulipokuwa unaisoma, ni kazi gani iliyokushinda? Kama uliunga mboga vizuri, ukapiga pasi vizuri, ukanyamazisha mtoto vizuri, basi usinisumbue nayo.

Jumapili chumba kilijaa. Baba mdogo alikaa mbele, shavu limevimba kama embe bivu, kitambaa kimefungwa kuzunguka kichwa. Mimi nikasimama na vitabu vyote viwili kifuani. Nilikuwa nimekusudia hivyo hata kabla ya jino: ikiwa chumba kitakipokea kitabu cha sayansi, hakuna mzazi atakayeona haya mtoto wake kukisoma, na baba mdogo aliyefuata neno la Mwalimu kama Injili angeacha jina la Riziki liandikwe shuleni kwa mtihani. Majina yalikuwa karibu kufungwa.

"Mama Ombeni," Mwalimu akaanza, "hii ya sayansi ulikisoma?"

"Sikukisoma."

"Sasa unakisimamia na nini?"

"Na miguu yangu."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Nikamweleza ya uchafu wa kurasa. Nikasema hata vya Kifaransa tuviangalie ubavuni tuone viliishia wapi. Hapo niliwakosea watu, maana Mwalimu aliweka mkono juu ya vitabu vyake kama mtu anayemfunika mgonjwa, akasema, "Kitabu si kitambaa cha jikoni, mama. Vyangu ni safi ju nilivibeba safi. Nilivuka mito navyo." Na ilikuwa kweli. Chumba chote kilimwonea huruma, na mimi pia kidogo. Kisha akasema kwa ile sauti ya upole, "Kitabu hiki, tukikiingiza humu, tumeandika mukataba kwamba hatutarudia kwetu. Weye unataka kuweka sahihi kwa niaba ya batu bote?" Hakuna aliyecheka tena. Nikasema, "Mimi ninataka mtoto apasi sayansi." Ilikuwa kama nimetema mate kwenye kaburi.

Wakakataa cha sayansi kwa sababu marene hakukisoma. Wakakataa na riwaya kwa sababu, alisema baba mdogo kupitia upande mzima wa mdomo, kitabu kinachovunja meno ya watu si kitabu. Halafu akaongeza mbele ya wote kwamba Riziki hataandika mtihani, neno limekwisha. Riziki alikuwa amesimama nje dirishani. Nilimwona anaondoka, hakukimbia, alitembea tu kama mtu mzima, na kutembea kule ndiko kulikoniudhi kuliko kilio.

Nyumbani nikamwambia anipe ile riwaya. Nikaifunga ndani ya kitenge kiunoni, mahali ambapo hakuna mtu angeichukua bila kunivua nguo. Nikawatangazia wanawake uani: hakuna kusoma. Riziki ndiye anayesoma, na Riziki atafungua kinywa siku atakayotoka kwenye chumba cha mtihani. Kama hakuna mtihani, hakuna mwisho wa hadithi, nitawashia nayo moto. Mama Sifa akanishika mikono. "Mama Ombeni, siye tulikosa nini? Utuambie tu, aliingia ndani ao hakuingia?" Nikasema sijui. "Ukurasa moja!" Nikasema hapana. "Una roho mbaya kama wale wakwe!" Nikasema ndiyo. Walikaa na nyungo zao wakachambua maharagwe kimya, na maharagwe ya juma lile yalikuwa safi kuliko yote niliyowahi kula Nakivale, hayana jiwe hata moja, na hakuna aliyeyafurahia.

Wanawake wakaanza kazi yao, ambayo sikuwatuma. Mume akidai chakula, anajibiwa, mwulize Wilondja. Mume akiuliza kwa nini umenuna, mwulize Wilondja. Mke wa Mwalimu mwenyewe, ambaye kumbe alikuwa akisikiliza toka jikoni kwake wakati upepo unamwelekea, aliacha kumwekea chumvi. Walitunga miisho yao wenyewe kisimani, wakagombana juu yake. Mmoja alisema mlango ulifunguliwa na mume, mwingine akasema mume hana kazi hiyo, mume ni kuku. Mama wawili waliacha kusalimiana kwa ajili ya mwanamke asiyekuwapo duniani. Na hawa ndio watu walioambiwa Jumapili kwamba kile si kitabu.

Baba mdogo alikuja mchana mmoja ninatwanga sombe, majani ya muhogo niliyonunua kwa wenyeji. Alisimama karibu na kinu, shavu limeshuka. "Sombe inanukia vizuri." Nikaendelea kutwanga. Akatazama juu, akasema mvua iko mbali. Nikaendelea. Akakohoa. "Yule mwanamuke… bado iko ku mulango?"

"Mwanamke gani, baba?"

"Usinichezee, Mama Ombeni."

"Wewe umemjulia wapi? Si ulisema ni uvivu wa wanawake?"

Akatazama ua wa matete, akatazama miguu yake. Kumbe siku zote Riziki alipokuwa anasoma, yeye alikuwa anakaa upande wa pili wa ua akijifanya anafuma kamba. "Ile siku ya jino," akasema polepole, "sikuwa natafuna chakula. Nilikuwa nawaza ile funguo. Nani aliigeuza? Kama ni mama mkwe, ni kitu ingine. Kama ni shemeji, ni kitu ingine kabisa." Akanyoosha mkono. "Leta nisome miye mwenyewe, ukurasa ya mwisho tu."

"Hapana."

"Miye ni baba yako mudogo!"

"Ndiyo, baba."

"Unaniuzia hadithi?"

"Ninakunyima. Kuuza ni kitu kingine."

Aliondoka amekasirika, akapiga teke dumu, kumbe dumu limejaa, akaumia kidole. Nilimsikia njiani akisema kwamba mimi ni mtoto aliyelaaniwa. Nilitwanga sombe mpaka ikawa maji. Sikuwa na kitu kingine cha kupigania. Ningeshindwa pale, nisingekuwa na kitu cha kumwambia Riziki isipokuwa "muache kwanza."

Asubuhi yake alivaa koti la ibada. Hakusema anakwenda wapi. Alimwita Riziki, akamwambia avae sare, wakaondoka pamoja kuelekea shuleni, yeye mbele na mtoto nyuma, na watu wa kisimani wakaacha ndoo zao zikifurika. Mmoja akapiga kelele, "Wilondja, umeshindwa na mwanamuke wa ku karatasi!" Hakugeuka. Jina liliandikwa. Mwalimu Zakaria hakumsalimia baba mdogo kwa muda mrefu, na baba mdogo, nimpe haki yake, alivumilia. Lakini kumwita rafiki wa vitabu tangu siku ya kwanza, hapana.

Riziki alisoma kile cha sayansi kwenye kitanda changu, maana meza ya Mwalimu alikwisha kukatazwa. Uchafu wake ukaongezwa juu ya uchafu wa yule mtoto wa mwanajeshi: sombe, mafuta ya taa, mate ya Ombeni. Siku aliyomaliza mtihani wa mwisho, alikuta ua umejaa. Baba mdogo amekaa mbele ya wanawake wote, juu ya dumu. Nikafungua kitenge, nikampa Riziki kitabu. Mlango ulifunguliwa na mama mkwe. Hakuomba msamaha, hakusema neno; aliinama akaishika sufuria ya yule mwanamke, ya moto, kwa mikono mitupu, akaiingiza ndani. Basi, imekwisha. Wanawake walilia. Baba mdogo akaruka: "Na yule shemeji? Hawakumupiga?" Riziki akasema hawakumpiga. "Hata kofi moja?" Hata kofi. "Kitabu mubaya," akasema, akaenda zake. Kesho yake aliniuliza kama yule Mwislamu wa Mbarara ana kingine.

Matokeo yalipotoka Riziki alikuwa amepasi. Hakuwa wa kwanza, sitamsifu kwa uongo. Alipasi vya kutosha kupata nafasi katika shule ya sekondari Mbarara. Hajati akasema alale kwake. "Mimi iko na chumba, yeye iko na macho, atanisomea majina ya dawa." Nikampeleka na godoro lake. Niliporudi, kitanda kilikuwa kipana, na nilipopika ugali nilipika mwingi, nikautupa. Siku za kwanza nilikuwa ninamwita jina nikiwa na mzigo kichwani, anishushie. Watu hawasemi jambo hili wanapopendekeza vitabu vya shule. Wanasema mtoto atapata kazi, atasaidia wazazi. Hawasemi kwamba kitabu cha masomo, kikiwa kizuri kweli, kinafanya kazi yake kwa kumtoa mtoto mikononi mwako. Riwaya inakurudisha nyumbani na macho mapya. Kile kingine kinaondoka na mtu.

Mwalimu Zakaria alikuja mlangoni kwangu wakati maharagwe mapya yalikuwa yanachanua na hakuna aliyekuwa amerudi kwetu. Alikuwa na binti yake wa mwisho, Josefina, aliyekuwa anaingia darasa lile alilotoka Riziki. Nilimpa kiti, akakataa. Alikuwa amekonda, na sauti yake haikuwa na ule upole. Ilikuwa sauti ya mtu wa kawaida anayeomba kitu.

"Mama Ombeni, ile kitabu ya sayansi."

"Ipo."

"Nani anaisimamia?"

"Mimi."

"Bado hujaisoma."

"Bado. Mpaka nife sitaisoma."

Nilidhani atageuka. Lakini akamvuta Josefina mbele yake, akaniuliza kama ilivyo kanuni, taratibu, neno kwa neno, kama tuko chumbani na watu wote wanasikiliza: "Imekufanya nini?"

Nilikwenda kukichukua chini ya mto. Nikakishika kifuani.

"Kimenichukulia mtoto, Mwalimu. Anakula kwa watu, anasali peke yake, anaandika kwa lugha ambayo nikiiangalia naona sisimizi. Akija likizo ananisalimia kama mgeni mwenye adabu. Kwetu hatarudi, na ukirudi wewe utarudi bila yeye. Kitamchukua na huyu wako hivyo hivyo, nami ninakisimamia. Sasa utakipokea ao utakiacha?"

Alifuta viganja kwenye suruali, akakipokea kwa mikono miwili.